Fisi Aliyeshitakiwa kwa Kula Mwezi

Paukwa!

Pakawa!

Aa-aa! Hiyo pakawa ya nani? Ya watu waliokula mihogo wakavimbiwa? Sogezeni kuni, jongeeni. Wewe Saumu, mpishe mdogo wako, asikae penye moshi. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa nimewasikia. Basi hapo zamani za kale, wakati fisi alikuwa na ngozi tupu ya hudhurungi isiyo na doa hata moja, palikuwa na kijiji kikiitwa Vigaeni. Msinicheke! Fisi wa zamani hakuwa na doa. Tulieni mtajua aliyapata wapi.

Watu wa Vigaeni walikuwa wafinyanzi. Walifinyanga vyungu, walifinyanga mitungi, walifinyanga vikaango, na vigae vya vyombo vilivyovunjika vilijaa njia nzima, hata mgeni akija alisikika akikanyaga kabla hajabisha hodi. Na watu hao walikuwa na mila yao moja. Kila mwezi ulipopevuka, jua likizama huku na mwezi ukichomoza kule, walizima mioto yote, wakatandika mikeka uwanjani, wakala pamoja kwa mwanga wa mwezi. Ilikuwa karamu ya kumshukuru Mwezi, waliyemwita Bibi. Na karamu hiyo ilikuwa na mwiko wake: hakuna kinywa kilichoonja kitu kabla Jumbe hajatwaa tonge la kwanza, akalirusha juu na kusema, "Pokea, Bibi, tangulia wewe." Mtoto alie kwa njaa mpaka akauke koo, alingoja. Mbwa naye alingoja.

Kijijini hapo alikuwapo mjane mmoja, jina lake Mwatime, mwanamke mwenye mikono minene na maneno machache. Siku moja alikwenda kuchimba udongo kwenye shimo lililo ng'ambo ya bonde la mpunga. Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia. Mwatime alikuwa chini shimoni, ameinama, mara ukingo ukamomonyoka, pu! Udongo ukamzika mpaka shingoni.

Akaita, "Nisaidieni!" Kimya. Akaita tena, "Nisaidieni, jamani!" Kimya. Akaita mara ya tatu, na safari hii sauti ilikuwa imemwishia. Hapo akasikia kitu kinanusa juu ya ukingo. Kuinua macho, ni Fisi.

Mwatime akasema moyoni, "Leo ndiyo leo. Nilidhani nitakufa kwa udongo, kumbe nitakufa kwa meno."

Fisi akamtazama, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. "Mama," akasema, "hicho kichwa ni cha kuliwa au cha kuokolewa?"

"Cha kuokolewa, baba! Cha kuokolewa!"

"Ee, bahati mbaya yangu," akasema Fisi, "maana nina njaa."

Akashuka, akaanza kufukua. Akafukua mabega, akafukua kiuno, akafukua miguu. Kucha zilimvunjika, naye hakuacha. Mwatime alipotoka juu aliketi chini akalia, akamshika Fisi shingoni, shingo ile inayonuka vile mnavyojua, akamkumbatia kwa nguvu.

"Baba, mimi sina ng'ombe wala mbuzi wa kukupa," akasema. "Lakini mwezi ukipevuka, njoo kwetu kwenye karamu. Utakaa mkekani kwangu, utakula kama wanavyokula watu."

"Mimi?" Masikio ya Fisi yakasimama. "Mkekani?"

Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwalika popote, isipokuwa kumwalika aondoke.

Basi siku ya karamu ikafika. Fisi alijipitisha mtoni, akaoga, akaja akiwa bado anachuruzika maji. Akaketi kwenye mkeka wa Mwatime, amekunja miguu kama bwana harusi. Watu wakaanza kunong'onezana. Jirani yake Mwatime, Nyamvula, mwanamke ambaye ulimi wake haukujua kunong'ona, akasema mbele ya wote, "Shoga yangu, wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema nenda nao karamuni!"

Watu wakacheka. Mwatime hakucheka. "Aliyenitoa shimoni simwachi," akasema.

Jumbe Mwarandani aliyaona hayo yote, akakohoa tu. Hakuwa mtu mbaya, jamani, msimchukie bure. Alikuwa mtu wa mila, na mila ilisema mgeni aliyealikwa asifukuzwe. Akasimama, tonge mkononi, mwezi unachomoza mbele yake mwekundu-mwekundu, kisha mweupe, mkubwa, mzima. Ila Jumbe huyo alikuwa na ugonjwa mmoja: hotuba. Akawashukuru mababu. Akawashukuru mababu wa mababu. Akaanza kuwashukuru mababu wa upande wa mama.

Na pale mkekani, mbele ya pua ya Fisi, palikuwa na mfupa wa paja la mbuzi.

Maskini Fisi. Alitazama pembeni. Akatazama chini. Akafumba macho, lakini pua haifumbwi. Hotuba ikaendelea, mate yakamtoka, na kabla hajajua anafanya nini, mfupa ulikuwa umeshaingia kinywani. Kwacha!

Uwanja mzima ulisikia. Jumbe akanyamaza katikati ya neno. Na wakati huo huo mtoto mmoja akanyoosha kidole juu akapiga kelele, "Mama! Mwezi umeng'atwa!"

Wakainua nyuso. Kweli, ukingo wa mwezi ulikuwa hauonekani, pameingia weusi, na weusi unakwenda ndani taratibu.

"Fisi!" akapiga ukelele Nyamvula. "Fisi amemtangulia Bibi! Sasa anamla Bibi mwenyewe!"

Basi ikawa ghasia. Hawa wakamrukia Fisi kwa kamba, hawa wakakimbilia vinu na michi, hawa wakatwaa vyungu vibovu wakavigonga kwa mawe. "Mwache Bibi! Mwache Bibi! Mwache Bibi yetu!" Lakini mwezi ulizidi kuliwa, mpaka ukabaki mwekundu wa kiza, rangi ya chungu kinachotolewa motoni. Watoto walilia. Wakubwa pia walilia, waliosema hawakulia ni waongo. Mwatime alisimama mbele ya Fisi mikono ameitandaza, akipigwa vikumbo.

Wakagonga, wakagonga, wakagonga. Hatimaye ukingo mmoja ukapata mwanga, ukaongezeka, na mwezi ukarudi wote.

"Ametapika!" watu wakashangilia. "Tumemtapisha!"

Mnaona mambo hayo? Mwezi ulipopotea, Fisi ana hatia. Mwezi uliporudi, Fisi ana hatia zaidi. Ukishashitakiwa kuwa mwizi, hata ukikohoa ni ushahidi.

Jumbe akatoa hukumu. "Fisi atiwe kwenye shimo la zamani la kuchomea vyungu, hapa uwanjani, lifunikwe kwa kifuniko cha fito. Hatumwui sasa, maana Bibi anatazama, na si adabu kumwaga damu machoni pake. Siku mwezi utakapokwisha mbinguni, kila nyumba italeta kapu la udongo, tumfukie. Na mwenye kumtetea alete shahidi. Asiye na shahidi anyamaze."

Kumfukia! Mwatime alihisi ule udongo tena shingoni mwake. Alijua ladha yake mdomoni. Akasema kwa sauti iliyotetemeka, lakini akasema, "Aliyenitoa shimoni simwachi."

Usiku uliofuata mwezi ukachelewa kuchomoza, na ubavu wake mmoja ulikuwa umepungua kidogo. Uliofuata, umepungua zaidi. Watu wa Vigaeni wakashikana mikono: "Mnaona? Anaumega akiwa humo humo shimoni!" Jamani! Mwezi ulipungua hivyo hivyo enzi za babu zao, na enzi za babu wa babu zao, nao walikuwa wakiutazama tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Lakini hofu ikiingia kwa mlango, akili hutokea dirishani.

Mwatime alikuwa akipeleka makombo ya chakula, akiyapenyeza kati ya fito. Fisi alikuwa amekaa chini gizani, amekonda.

"Mama," akasema Fisi, "mfupa nilikula. Mfupa nakiri, wala simsingizii mtu. Lakini mwezi? Mwezi uko kule juu, na mimi hata kuruka ua wa mbuzi siwezi."

"Najua, baba."

"Kama nitakufa, nashukuru nilikaa mkekani. Mkeka ni mzuri. Chini ni laini."

Mwatime akainuka haraka, Fisi asimwone akilia. Akaenda kutafuta shahidi.

Akamwendea Bundi kwenye pango la mti. "Bundi, wewe hulali usiku. Nani alikula mwezi?"

Bundi akafumbua jicho moja. "Mimi usiku natazama chini, kuna panya. Juu kuna nini cha kuliwa? Waulize wenye shibe."

Akamwendea Jogoo juu ya paa. "Jogoo, wewe unajua kila linalochomoza. Nani alikula mwezi?"

Jogoo akajipanga manyoya. "Mimi ni mtu wa Jua. Nalala Jua akilala, naamka Jua akiamka. Mambo ya mwezi ni ya watu wasio na kwao."

Akamwendea Chura kule kwenye shimo la udongo, lile lile lililotaka kumla, ambalo sasa lilikuwa limejaa maji. "Chura, wewe na maji mnakesha pamoja. Nani alikula mwezi?"

"Krro," akasema Chura. "Huyo Bibi? Mbona anakuja hapa kunawa uso kila asubuhi. Muulize mwenyewe, una mdomo."

"Asubuhi? Mwezi asubuhi?"

"Nyinyi watu! Mnadhani kila kisichokuwa karamuni kimelala. Njoo kesho, Jua akishapanda."

Mwatime akaenda asubuhi yake. Maji yalikuwa yametulia, na ndani yake palikuwa na mwezi, mweupe wa kupauka, nusu tu. Akainua macho. Ndiye yule, angani upande wa magharibi, na Jua yuko mashariki amekwisha panda juu ya miti. Asubuhi ngapi alikuwa amepita hapo ameinama na kapu lake, asimwone! Akapiga magoti ukingoni.

"Shikamoo, Bibi Mwezi."

Sauti ikatoka majini, sauti ya mwanamke mzee anayependa kutania. "Marahaba, mjukuu wangu. Nani wewe unayeniamkia mchana? Watu wa kwenu hunijua nikinenepa tu."

"Mimi Mwatime wa Vigaeni. Bibi, naomba nijue kitu kimoja. Nani alikula uso wako siku ya karamu?"

Mwezi akacheka mpaka maji yakatikisika. "Anile nani mimi, mwenye mawe matupu? Hebu nitazame. Shavu langu lipi linang'aa?"

Mwatime akatazama. "La upande wa Jua, Bibi."

"Basi moto si wangu. Mimi sina hata kijinga kimoja cha moto. Jua ndiye anayeniangaza, na nusu yangu inayomwelekea ina mwanga siku zote, haijapungua hata siku moja. Ila mimi natembea. Wewe ukifinyanga chungu kikubwa, hukizunguki?"

"Nakizunguka."

"Nami naizunguka Dunia yenu hivyo hivyo. Nikiwa ng'ambo, nyinyi katikati na Jua migongoni mwenu, mnaliona shavu lote linalong'aa, mnasema Bibi amepevuka. Nikiwa ubavuni, mnaona nusu, kama sasa. Nikipita upande wa Jua nawapa kisogo chenye kiza, mnasema Bibi amekufa. Sikufa, sikuliwa, wala sikukonda. Ni nyinyi mnaonitazama kwa pembeni."

Mwatime akafikiri. "Lakini siku ya karamu hukuwa pembeni, Bibi. Ulikuwa mzima, ukaingia kiza mbele ya macho yetu. Nani alikufanya vile?"

"Nyinyi."

"Sisi, Bibi?"

"Jua alikuwa anazama nyuma yenu, mimi nachomoza mbele yenu, na Dunia katikati. Kitu kikisimama mbele ya moto hutupa nini?"

"Kivuli," akasema Mwatime taratibu.

"Kivuli cha Dunia yenu kilinifunika. Ndani yake mlikuwamo nyote. Alikuwamo Jumbe na hotuba yake, walikuwamo wagonga vinu wote, na vyungu vyao, na mbuzi wao. Mlinifunika wenyewe, kisha mkamfunga Fisi."

Mwatime akashika kichwa. Kisha akauliza swali la mtu mwenye akili. "Mbona si kila karamu, Bibi?"

"Kwa sababu njia yangu imeinama kidogo. Mara nyingi napita juu ya kivuli chenu, au napita chini yake, nanyi mnakula na kulala bila kujua. Mara chache njia zinakutana sawasawa. Na mwezi huu zimekutana, mjukuu wangu. Siku nitakayowapa kisogo, siku ile ile Jumbe wenu aliyoichagua kwa udongo wake, nitapita katikati yenu na Jua. Kivuli changu nacho kitawaangukia nyinyi, mchana kweupe. Uwaambie mapema. Na uwaambie wasimkodolee Jua macho, atawapofusha. Watazame chini, penye vitundu vya mwanga."

"Bibi, kwa nini unanisaidia?"

Sauti ya majini ikajibu, "Watu wa Vigaeni wananishukuru nikijaa. Fisi huniimbia nikijaa, huniimbia nikiwa nusu, huniimbia nikiwa ukucha. Nisipoonekana, huniita. Tangu mmtie shimoni natembea kimya. Nyimbo zote zile, nami sijapata kumshukuru."

Mwatime alikimbia njia nzima mpaka kwa Jumbe, akamweleza yote, na watu wakakusanyika kusikiliza. Alipofika pale pa kusema siku ya hukumu Jua atafunikwa, Nyamvula akapiga mikono.

"Mmesikia? Sasa Fisi anataka kula na Jua! Na mwenzake huyu ndiye mpelekaji wa habari!"

Watu wakanguruma. Mwatime akatazama nyuso zile za watu aliokuwa akichangia nao tanuri, akaona maneno yake yamemwongezea Fisi hatia badala ya kumpunguzia. Jumbe akasema, "Mwatime, mwezi wa kuzungumza asubuhi haujapata kusikika hapa. Hukumu ni ile ile." Lakini yeye pia usiku huo hakulala vizuri, nasikia.

Siku zikaenda. Mwezi ukapungua chini ya nusu, ukawa ukucha, ukatoweka. Asubuhi ya siku ile watu walikuja uwanjani na makapu ya udongo vichwani, kila nyumba kapu lake. Jua liliwaka, anga haina hata wingu. Mwatime alikuja mikono mitupu.

"Kapu lako liko wapi?" akauliza Jumbe.

"Kapu langu ni hili," akasema Mwatime, akajigusa kifua. Akainua pembe ya kifuniko cha fito, akashuka shimoni, akakivuta kifuniko nyuma yake. Watu wakapiga mayowe. Sauti yake ikatoka chini: "Aliyenitoa shimoni, simwachi shimoni. Mkimfukia, nifukieni naye!"

Jumbe akainua mkono, makapu yakasimama. "Mwatime, toka!"

"Sitoki."

"Mwatime, mwana wa watu, toka!"

"Sitoki."

"Mama, toka," akasema Fisi kwa sauti ndogo. "Nilikufukua mara moja. Mara ya pili sina kucha."

"Na wewe nyamaza," akasema Mwatime, "lete huo mdomo wako."

Akaketi, akakivuta kichwa cha Fisi mapajani mwake, akaushika mdomo wake kwa mikono yote miwili, ile minene ya kufinyangia, akaubana. Kisha akangoja. Mwanga wa Jua ulipenya kwenye vitundu vya fito ukadondoka mgongoni mwa Fisi, vidoa vidoa vya mwanga, vyote vya duara. Mwatime akavitazama vile vidoa. Vilikuwa duara, na bado duara, na bado duara. Juu, mtu mmoja alisema, "Tunangoja nini?" Mwatime akawaza: na kama Bibi alikuwa akinitania? Na kama nilizungumza na maji tu?

Mara akaona kidoa kimoja kina pengo. Akapepesa macho. Kingine nacho. Vyote! Kila kidoa mgongoni mwa Fisi kilikuwa kimemegwa upande mmoja, kama mwezi unaopungua, vimwezi tele vidogo vidogo juu ya ngozi ya hudhurungi.

"Jumbe!" akapiga kelele. "Usitazame juu! Njoo utazame chini huku!"

Juu watu walikwisha ona mchana unafifia. Baridi ikaingia. Kuku wakaanza kurudi bandani, Jogoo akiwaongoza amechanganyikiwa kabisa. Watu wakakimbilia vinu: "Fisi anakula Jua! Mwache Jua! Mwache Jua!"

"Njooni mwone!" Sauti ya Mwatime ilipasua kelele zile. "Mdomo wake huu hapa, nimeushika kwa mikono yangu! Hawezi hata kupiga mwayo! Haya, niambieni, nani anakula Jua?"

Kinu kimoja kikanyamaza. Kisha kingine. Jumbe akapiga magoti ukingoni, akainua kifuniko kidogo pembeni, akachungulia. Akamwona mwanamke na fisi, na mdomo umebanwa barabara, na vile vimwezi vya mwanga vikikonda, vikikonda, mpaka vikawa nyuzi, kisha kiza kikawa kimoja. Nyota zikatoka mchana. Hakuna aliyegonga chungu. Katika kimya kile kila mtu alisikia Fisi akihema puani.

Nyamvula ndiye aliyesema kwanza, na safari hii alinong'ona. "Si yeye."

"Si yeye," akasema Jumbe. "Mwatime, huyo aliyesimama mbele ya Jua ni nani?"

"Ni Bibi, anapita zake. Ametupa kisogo. Na siku ya karamu sisi ndio tuliosimama katikati. Tulimtupia kivuli chetu wenyewe, Jumbe, kisha tukamfunga mgeni."

Hapo mwanga ukarudi. Vidoa mgongoni mwa Fisi vikaanza upya, vyembamba, vikanenepa, vikawa duara. Watu wakatupa kifuniko kando, wakamvuta Mwatime, wakamvuta Fisi. Na walipomweka juani, jamani, vile vidoa havikutoka! Mwanga ulikwisha pita, vyenyewe vimebaki kwenye ngozi, vya rangi ya kiza, vingine duara, vingine vimepinda kama mwezi mchanga. Wakampangusa kwa kitambaa, havitoki. Wakamwagia maji, havitoki. Wakamsugua kwa mchanga mpaka Fisi akalalamika, havitoki.

"Mwacheni," akasema Mwatime, na machozi yanamtoka, hakuyaficha. "Hiyo ni shukrani yake. Bibi alisema hajapata kumshukuru. Sasa amemwandikia mgongoni, kila atakayemwona ajue huyu hakula mwezi."

Jumbe akavua kofia. "Fisi, tumekukosea. Mimi ndiye nimekukosea zaidi, na hotuba yangu pia imekukosea. Tusamehe."

Fisi akafikiri. "Yale makapu yote," akasema, "hakuna hata moja lenye nyama?"

Vicheko! Nyamvula alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda nyumbani kwake akarudi na paja zima la mbuzi, akamwekea Fisi mbele kwa mikono miwili, asiseme neno.

Jioni chache baadaye, Jua alipozama, mwezi mchanga ulionekana magharibi, mwembamba kama ukucha. Vigaeni hawakuwa na desturi ya kuutazama. Lakini jioni hiyo walizima mioto, wakatandika mikeka, wakatoka wote, wazee kwa watoto, wakamshukuru Bibi akiwa mwembamba vile vile. Fisi alikaa kwenye mkeka wa Mwatime. Akaimba. Siwezi kusema aliimba vizuri, ila hakuna aliyeziba masikio.

Jumbe akatwaa tonge la kwanza. Akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Akampa Fisi lile tonge. "Leo rusha wewe."

Fisi akalishika. Lilikuwa tonge kubwa, limechovywa mchuzi wa nyama, mate yakamtiririka mpaka kifuani. Akarusha! Akalirusha juu kwa nguvu zake zote, akasema, "Pokea, Bibi, tangulia wewe."

Tonge likapanda, likageuka, likashuka, pwa! Likaanguka pale pale mkekani mbele yake. Fisi hakuligusa. Akamtazama Mwatime kwa wasiwasi.

"Mama, limerudi. Ni la nani sasa?"

Mwatime akaliokota, akalipangusa vumbi, akalipeleka mpaka mdomoni mwa Fisi.

"Bibi amekurudishia," akasema. "Anasema, pokea, baba. Leo tangulia wewe."

Na watu wote wa Vigaeni wakangoja, mikono juu ya sahani, mpaka Fisi alipomeza.

Basi hapo ndipo hadithi yangu ilipokomea, nami sauti imekomea hapo hapo. Mkimsikia fisi akilia huko porini, msitupe mawe; huyo anamsalimia Bibi yake. Saumu, funika makaa. Na kabla ya kuingia ndani, tokeni nje kidogo mwamkie Bibi, hata kama leo ni ukucha.